Sakafu kwanza, sofa baadaye

Mtoto anayeanza kutambaa huijua sakafu ya nyumba yao kuliko mtu mwingine yeyote. Baba huiona akirudi jioni, mama huifagia asubuhi, lakini mtoto wa miezi minane huigusa kwa viganja, kwa magoti na kwa ulimi. Kipande cha ugali kikidondoka, yeye ndiye anayekiokota. Kuku akipita na kuacha uchafu, yeye ndiye anayewahi kufika.

Hata hivyo, familia inapokaa kupanga matengenezo ya ndani, sakafu hutajwa mwishoni, baada ya dari, rangi ya ukuta, sofa na televisheni. Wakati mwingine haitajwi kabisa.

Katika Wilaya ya Same nyumba nyingi hujengwa kwa awamu, kama ilivyo kwingine nchini. Mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, mwaka unaofuata bati. Bati likishapigwa familia inahamia, na sakafu ya udongo inabaki "kwa muda". Muda huo unaweza kuwa miaka mitano au kumi. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kuhamia anaanza darasa la kwanza akiwa bado anachezea vumbi chumbani.

Mavuno ya tangawizi ya Mamba Myamba yakiuzwa, au kijana aliyeko Dar es Salaam akituma fedha, mazungumzo ya mezani huwa kama haya:

"Mama Neema, safari hii tununue sofa. Wageni wanakaa kwenye viti vya plastiki mpaka lini?"

"Baba Neema, wageni wanakuja mara moja kwa mwezi. Neema na mdogo wake wanalala humu kila siku. Tumwage sakafu kwanza."

Kwa upande wa afya, Mama Neema ana hoja nzito, na ipo sababu ya kila mzazi kuijua.

Kilichomo kwenye udongo wa chumbani

Sakafu ya udongo ikifagiliwa vizuri huonekana safi, ila mayai ya minyoo hayaonekani kwa macho. Jike mmoja wa minyoo mikubwa ya mviringo anaweza kutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku. Mayai hayo hutoka na choo cha mtu mwenye minyoo na kufika ndani kwa nyayo, kwa miguu ya kuku, au kwa mtoto aliyejisaidia nyuma ya nyumba. Yakipata unyevu na kivuli, hukaa hai kwenye udongo kwa miezi, hata miaka. Ufagio huyahamisha tu kutoka kona moja kwenda nyingine.

Minyoo ya safura ina njia yake. Mabuu wake huishi kwenye udongo wenye unyevu na kupenya ngozi ya mguu ulio peku. Wakifika kwenye utumbo hujishikiza na kunyonya damu. Mtoto mwenye safura hupauka, huchoka haraka, hukosa hamu ya kucheza, na shuleni mwalimu humwona mzito wa kuelewa. Mzazi anaweza kudhani ni uvivu, kumbe damu imepungua.

Funza naye hupenda vumbi kavu, na ukanda wa chini wa Same una vumbi la kutosha. Kiroboto huyu hakuwapo Afrika Mashariki tangu zamani. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na inaelezwa kwamba alifika Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazil, kisha akasambaa barani hadi kufika Zanzibar kabla ya karne ile kwisha. Jike huingia kwenye ngozi ya kidole au kisigino, huvimba, kisha huangusha mayai yake chini. Mabuu hukulia kwenye vumbi la sakafu na kwenye nyufa, na baada ya wiki chache huwa viroboto wapya. Familia inaweza kumtibu mtoto leo, na mwezi ujao akaambukizwa tena na vumbi la chumba chake mwenyewe.

Yupo pia papasi, kupe laini anayejificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo. Usiku hutoka, huuma waliolala, kisha hurudi mafichoni kabla ya alfajiri. Homa ya papasi huja na kuondoka kwa vipindi, na mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria. Kwa mjamzito na mtoto mchanga inaweza kuua.

Kuna na suala la mifugo. Nyumba nyingi huwalaza kuku ndani kwa kuogopa wezi na vicheche. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu watoto wadogo wa vijijini nchini Zimbabwe uliwafuatilia kwa saa kadhaa majumbani mwao. Watafiti waliona baadhi yao wakila udongo, na wengine wakiweka kinywani kinyesi cha kuku. Mama zao hawakuwa wazembe. Hivyo ndivyo mtoto wa umri huo anavyoijua dunia, kwa kuionja.

Dawa za minyoo hazitoshi peke yake

Kila mwezi Juni na Desemba, watoto walio chini ya miaka 5 nchini hupewa matone ya vitamini A na dawa ya minyoo. Shuleni nako hutolewa kingatiba. Huduma hizo ni muhimu na hakuna mzazi anayepaswa kuzikosa.

Lakini dawa ya minyoo huua minyoo iliyomo tumboni siku ile. Haimkingi mtoto na mayai atakayoyameza kesho yake. Kama chumba kimejaa mayai, mtoto hutoka kliniki akiwa mzima na kurudi kwenye chanzo kilekile.

Ushahidi unaotajwa zaidi kuhusu jambo hili unatoka Mexico. Mwaka 2000, jimbo la Coahuila lilianza mpango ulioitwa Piso Firme, maana yake sakafu imara. Familia maskini zenye sakafu ya udongo zilipewa zege la kutosha hadi mita za mraba 50. Baadaye watafiti walizilinganisha na familia za aina hiyohiyo zilizoishi upande wa pili wa mpaka wa jimbo, ambako mpango haukufika. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionesha kwamba kuondoa udongo wote na kuweka saruji kulipunguza vimelea vya tumboni kwa watoto kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49 na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Watoto walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya uelewa, na mama zao waliripoti msongo mdogo wa mawazo.

Takwimu hizo zisomwe kwa uangalifu. Familia nyingi zilizohusika tayari zilikuwa na maji ya bomba. Mahali ambapo maji ni ya ndoo na choo ni kibovu, sakafu peke yake haiwezi kufanya kazi yote. Karibu na nyumbani, nchini Kenya, watafiti wamekuwa wakiweka sakafu za gharama nafuu zenye saruji katika nyumba za kaunti za Kwale na Bungoma, kwa lengo la kupima mchango wake dhidi ya funza, minyoo na maambukizi ya tumbo. Sakafu sasa inachunguzwa kama inavyochunguzwa chanjo au dawa.

Anza na chumba kimoja

Kosa la familia nyingi ni kusubiri hadi zipate fedha za nyumba nzima. Afya ya mtoto haihitaji nyumba nzima kwa siku moja. Inahitaji kwanza chumba anacholala na mahali anapotambaa.

Chukua chumba cha futi 10 kwa 10. Ukimwaga jamvi la zege la inchi 3, kisha ukapiga plasta ya inchi 1 na kumalizia kwa niru, utatumia takriban mifuko 6 hadi 7 ya saruji ya kilo 50. Uliza bei ya mfuko kwenye duka la karibu, zidisha kwa 7, ongeza mchanga, kokoto na ujira wa fundi. Kwa wakazi wa mlimani, kama Vudee, Mbaga au Chome, ongeza na usafiri, kwa sababu mfuko hupanda bei kila gari linavyopanda kona. Hapo ndipo mtalinganisha na bei ya sofa mkiwa na namba mkononi.

Same ina unafuu wake. Mawe ya kuponda kokoto yako milimani na mchanga upo makorongoni. Jasi inayochimbwa Makanya ni malighafi ya viwanda vya saruji. Huchanganywa kidogo tu wakati wa kusaga ili saruji isigande kabla fundi hajamaliza kuitandaza. Na Wapare wanaujua siku nyingi uhusiano wa udongo, maji na ukuta imara. Ndiva, yale mabwawa ya asili ya umwagiliaji, yalijengwa kwa udongo na mawe vizazi vingi nyuma, na baadhi yake baadaye yaliimarishwa kwa saruji ili yasivuje. Kanuni ni ileile nyumbani: chini kukiwa kubovu, juu hakudumu.

Kazi ikifanywa vibaya, ni hasara mara mbili

Sakafu ya saruji iliyopasuka na kubanduka inaweza kuwa mbaya karibu sawa na ya udongo. Nyufa hukusanya vumbi, chakula na maji machafu, na ndimo viroboto wanamokimbilia. Kwa hiyo mzazi asiye fundi anapaswa kujua mambo machache ya kumuuliza fundi wake.

La kwanza ni kushindilia. Udongo wa chini uondolewe takataka na mizizi, umwagiwe maji kidogo na ushindiliwe hadi uwe mgumu. Juu yake zipangwe mawe au changarawe. Kama eneo lina unyevu, kama ilivyo sehemu nyingi za mlimani, itandazwe karatasi ya nailoni nzito kabla ya zege ili maji yasipande kutoka chini.

La pili ni mchanga. Mchanga wenye udongo mwingi hufanya zege liwe dhaifu. Upo mtihani rahisi ambao hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuufanya. Weka mchanga hadi nusu ya chupa inayoonyesha ndani, jaza maji, tikisa kwa nguvu, kisha iache itulie kwa saa chache. Mchanga utakaa chini na tope litakaa juu yake. Tope likizidi sehemu moja kati ya kumi ya mchanga, tafuta mchanga mwingine au uoshe huo.

La tatu ni mchanganyo. Hapa ndipo mazungumzo na fundi huwa magumu.

"Fundi, mfuko mmoja unachanganya na ndoo ngapi?"

"Mama, mimi napima kwa macho. Nimejenga nyumba nyingi hapa."

"Sawa fundi wangu, ila leo naomba tupime kwa ndoo."

Ombi hilo si dharau. Kwa jamvi, mfuko mmoja wa saruji uende na ndoo 3 na nusu za mchanga na ndoo 7 za kokoto, kwa ndoo ya lita 20. Kwa plasta ya juu, mfuko mmoja na ndoo 5 hadi 7 za mchanga. Maji yawe ya kutosha kulainisha tu. Zege linalotiririka kama uji ni rahisi kutandaza lakini huacha vitundu, hupasuka na kutoa vumbi kila linapofagiliwa.

La nne ni kumwagilia, na ndilo linalosahaulika zaidi. Saruji haigandi kwa kukauka. Inaganda kwa kuunganika na maji, na ikinyang'anywa maji mapema na jua na upepo wa Same, inabaki dhaifu. Sakafu ikishashika, ifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa au nailoni, na ibaki na unyevu kwa siku 7. Huendelea kupata nguvu hadi siku ya 28. Magunia huokoa maji mengi ukilinganisha na kumwagilia ndoo kwa ndoo. Kwa maeneo yaliyofikiwa na mradi wa maji wa Same-Mwanga-Korogwe, unaochota maji Bwawa la Nyumba ya Mungu na uliozinduliwa Machi 2025, jambo hili linaweza kuwa jepesi zaidi kuliko zamani. Kwa wengine, tangi au madumu yajazwe kabla fundi hajaanza kazi.

Kwa nyumba za udongo na miti

Nyumba ya kuta za udongo inaweza kuwekewa sakafu ya saruji. Tatizo huja wakati wa kudeki, kwa sababu maji hulowesha mguu wa ukuta na kuumomonyoa. Fundi apandishe plasta ya saruji ukutani kwa inchi 4 au 6 kuzunguka chumba, na sakafu iwe na mteremko mdogo kuelekea mlangoni. Nje, uchimbwe mtaro wa kupeleka mbali maji ya mvua.

Kwa familia ambayo hata mifuko 6 ni mzigo, ipo njia ya katikati. Udongo uliochekechwa huchanganywa na saruji kidogo, sehemu moja ya saruji kwa kumi za udongo wa kichanga, na kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Haina nguvu kama zege lakini inafagilika na haitimui vumbi kwa urahisi. Nchini Rwanda, shirika la EarthEnable limekuwa likijenga sakafu za udongo ulioshindiliwa na kupakwa mafuta ya mimea yanayokauka na kuwa ngozi ngumu isiyopitisha maji, kwa gharama iliyo chini ya saruji. Cha msingi ni kwamba uso wa sakafu uweze kuoshwa, usinywe maji na usiwe na nyufa.

Niru, rangi, epoksi au vigae?

Jamvi likishakaa vizuri, swali linalofuata ni la kumalizia. Maduka ya vifaa vya ujenzi yamejaa chaguo, na kila moja lina faida na hatari yake kwa mtoto.

Niru, yaani saruji tupu iliyolainishwa kwa mwiko juu ya plasta ikiwa bado mbichi, ndiyo nafuu kuliko zote na inatosha kabisa kiafya. Ikichanganywa na unga mwekundu wa oksaidi hutoa ile sakafu nyekundu ambayo wengi waliikuta kwa babu na bibi zao. Niru isipigwe juu ya sakafu ya zamani yenye vumbi, maana itabanduka kama ganda. Sakafu kuukuu ikwaruzwe, isafishwe, iloweshwe maji, ipakwe uji mzito wa saruji, kisha ipigwe plasta mpya.

Dawa ya kung'arisha sakafu huvutia lakini huteleza. Nyumba yenye bibi mwenye miaka 70 au mjamzito iitumie kidogo au iiache. Nta na mafuta ya taa yanayotumika kung'arishia yahifadhiwe juu, kwa kuwa watoto hunywa chochote kilichomo kwenye chupa ya soda.

Rangi ya sakafu ichaguliwe kwa kusoma maandishi ya kopo. Mzazi atafute iliyoandikwa kuwa haina madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini, na mtoto anayetambaa ndiye hula vumbi la rangi inayobanduka. Rangi ipakwe sakafu ikiwa imekauka kabisa, angalau mwezi mmoja baada ya kumwagwa, vinginevyo unyevu utaisukuma itoke.

Epoksi, ile inayong'aa kama kioo, ni imara na rahisi kusafisha, lakini haifai kukimbiliwa. Kabla haijaganda, kemikali zake huwasha ngozi, macho na kifua, na anayepata mzio anaweza kuendelea kuupata kila akiigusa. Mafundi wavae glavu, milango na madirisha yawe wazi, na watoto, wajawazito na wenye pumu walale kwingine hadi ikauke kabisa kwa siku zilizoandikwa kwenye kopo. Kwa chumba cha mtoto kijijini, niru nzuri huleta faida ileile ya kiafya bila adha hizo.

Vigae ni vizuri endapo mifereji kati yake imejazwa vizuri. Vikiwekwa juu ya jamvi bovu hupasuka, na kingo zake hukata miguu.

Siku za ujenzi, watoto wakae mbali

Saruji mbichi huunguza. Mtu anaweza kupiga magoti ndani yake asubuhi bila kusikia maumivu, na jioni akakuta ngozi imechubuka. Mtoto akiigusa, aoshwe mara moja kwa maji mengi safi. Ikiingia machoni, maji yamiminwe polepole kwa angalau dakika 15 hadi 20 bila kusugua, kisha apelekwe kituo cha afya bila kusubiri.

Anayevunja sakafu ya zamani amwagie maji kwanza ili vumbi lisiruke, na afunike pua na mdomo. Fundi avae buti. Mifuko ya saruji isiwekwe chumba wanacholala watoto.

"Saruji italeta nimonia"

Hofu hii husikika sana mlimani, ambako Juni na Julai baridi hushuka kutoka Shengena. Bibi anaona mjukuu ameketi kwenye saruji na moyo unamwenda mbio. Asidharauliwe, maana sehemu ya hofu yake ni kweli. Saruji hunyonya joto la mwili haraka kuliko udongo mkavu, na mtoto mchanga hupoteza joto upesi.

Lakini nimonia huletwa na vimelea, na miongoni mwa vinavyomweka mtoto hatarini ni moshi wa kuni, utapiamlo na kukosa chanjo. Jibu la baridi ni mkeka, blanketi kuukuu au kapeti linaloweza kutolewa nje, kung'utwa na kuanikwa juani. Godoro la mtoto nalo lisilale moja kwa moja juu ya saruji. Bibi akielezwa hivyo kwa heshima, na akakabidhiwa kazi ya kusimamia mkeka usafishwe, mara nyingi huwa mlinzi mkuu wa sakafu hiyo.

Sakafu mpya inadai tabia mpya

Saruji haiondoi kinyesi cha kuku, inarahisisha tu kukiona na kukiosha. Kuku wajengewe banda lao. Viatu vivuliwe mlangoni, na mlangoni pawepo gunia au kipande cha kapeti cha kufutia miguu. Kama fedha inaruhusu, baraza lisakafiwe pia, kwa sababu huko ndiko vumbi la nje linakoachwa. Sakafu ifagiwe kila siku na kudekiwa kwa maji na sabuni mara kadhaa kwa wiki. Ufa ukitokea, uzibwe wiki hiyohiyo kwa saruji na mchanga laini.

Choo kiwe na mfuniko na pa kunawia mikono. Watoto wavae viatu waendapo chooni na shambani, ambako udongo utabaki kuwa udongo. Dawa za minyoo za Juni na Desemba ziendelee. Mtoto mwenye funza asitolewe kwa pini au sindano inayopita kutoka mtu hadi mtu, kwani njia hiyo husambaza maambukizi na inaweza kuingiza pepopunda. Apelekwe zahanati. Na chandarua kibaki kitandani, maana sakafu haimzuii mbu.

Wenye nyumba za kupanga nao wana nafasi yao. Mpangaji anaweza kuafikiana na mwenye nyumba kwamba anunue saruji na gharama ikatwe kwenye kodi kwa miezi kadhaa. Makubaliano yaandikwe na kila mmoja abaki na nakala. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo tayari hununuliana vyombo na mabati, vinaweza kupokezana sakafu: mwezi huu chumba cha mwanachama mmoja, mwezi ujao cha mwingine, fundi akiwa mmoja na mchanga ukiletwa kwa gari moja.

Nyumba nyingine kubwa zilizojengwa na vijana walioko mjini hufunguliwa Krismasi na Idi tu, na vigae vyake hung'aa mwaka mzima bila kukanyagwa. Hatua chache kutoka hapo, bibi na wajukuu wanalala kwenye udongo katika nyumba ya zamani. Kijana anayepanga kutuma fedha ya zawadi mwaka huu anaweza kuuliza kwanza watoto wa nyumbani wanalala kwenye chumba gani, na chini kuna nini.

Wazazi wanaotaka kuanza mwezi huu wafanye jambo moja jioni ya leo. Wachukue futi kamba, wapime urefu na upana wa chumba anacholala mtoto mdogo kuliko wote, na waandike namba hizo nyuma ya daftari. Kesho wakipita dukani, hesabu ya mifuko itakuwa mkononi.